Ni Nini Kilichobaki Chini? Kukagua kiwanja cha kisiwa cha Mombasa kabla ya kujenga upya

Mtu anaponunua nyumba iliyochakaa kisiwani Mombasa ili aibomoe na kupandisha ghorofa, huulizia uimara wa udongo na kina cha maji. Swali la mabaki ya watu wa kale huachwa mpaka siku tingatinga linapotoa mifupa au ukuta wa matumbawe. Siku hiyo kazi husimama, mitambo iliyokodiwa inaendelea kulipiwa, na yaliyokwisha kung'olewa hayarudishiki. Ukaguzi ukifanywa kabla ya michoro kukamilika, jibu hupatikana kwa wiki chache na msanifu bado ana nafasi ya kubadilisha mambo.

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanja, msanifu, mhandisi na mwanafunzi wa akiolojia anayeitwa kusaidia. Msingi wake ni mmoja: kutofautisha kilichokuwepo na kilichobaki. Ripoti nyingi hujaa historia ya Mvita, Wareno na Wamazrui, ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, kisha zinahitimisha kwamba kiwanja ni muhimu sana. Hilo halimsaidii mjenzi. Kiwanja kinaweza kuwa katikati ya mji wa kale kabisa na kisiwe na kitu, kwa sababu tangi la mafuta la miaka iliyopita lilichimbiwa mpaka kwenye mwamba. Kingine pembeni, chini ya sakafu nyembamba ya bohari, kinaweza kuwa na tabaka zote zimelala kama zilivyoachwa.

Hatua ya 1: Jua jengo jipya litashuka mpaka wapi

Anza kwa msanifu, makumbusho yatafuata. Omba mchoro wa mkato wa jengo, kisha uandike kina cha kila kitu kitakachoingia ardhini: misingi, vichwa vya nguzo, mihimili ya chini, shimo la lifti, tangi la maji, karo la choo, mitaro ya mabomba na nyaya. Andika pia kina cha kusawazisha ardhi, maana hicho husahaulika na ndicho kinachofuta eneo kubwa kuliko vyote. Mkandarasi akikwangua sentimita 60 kiwanja kizima ili apate uso safi, ameharibu kuliko ambavyo nguzo ishirini zingeharibu.

Hatua ya 2: Karatasi

Kisiwa hakikuwa na mji mmoja tu. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Hamo Sassoon katika miaka ya 1970, kwenye uwanja wa hospitali kuu ya Pwani, ulionyesha makazi ya kale kaskazini mwa Mji wa Kale wa leo, yenye umri wa kama miaka elfu moja. Msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa 1331. Mji ulichomwa na Wareno 1505 na tena katika vita vya 1528 na 1529. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593, na makazi ya Wareno yakakua karibu nayo, upande wa eneo liitwalo Gavana na barabara tunayoiita leo Ndia Kuu. Upande wa magharibi kulikuwa na mji wa Kilindini, na kusini michoro ya Wareno inaonyesha mji wa Tuaca. Reli ilipoanza kujengwa 1896, mji ukatanuka kuvuka mipaka hiyo yote. Kwa hiyo kiwanja kisipokuwa ndani ya Mji wa Kale, hilo peke yake halikitoi katika ukaguzi.

Jambo la pili ni kwamba umri wa nyumba si umri wa kiwanja. Nyumba nyingi zinazosimama Mji wa Kale ni za karne ya 19 na ya 20. Zimekaa juu ya kuta za nyumba nyingine, na mara nyingi mawe yake yametoka kwenye hizo za chini.

Tafuta ramani za wapimaji wa serikali ya kikoloni, chati za majini za Waingereza, picha za angani za katikati ya karne ya 20, michoro ya majengo iliyoidhinishwa na manispaa, na taarifa za uchimbaji zilizo katika maktaba ya makumbusho ya Ngome ya Yesu. Michoro ya Wareno ya karne ya 17 itumie kujua nini kilikuwa jirani na nini. Usiipimie umbali, kwa sababu haikuchorwa kwa skeli. Ukipachika ramani ya zamani juu ya mpya, tumia alama zisizopungua 4 ambazo hazijahama: pembe za ngome, msikiti wa zamani, kisima, ncha ya mwamba wa pwani. Ukitumia alama 2 tu, ramani hukaa vizuri pale ulipoifunga na kukupoteza mita 15 kwingine, na mita 15 mjini ni jirani wa tatu.

Karatasi ya thamani kuliko zote huwa kwa mhandisi: kumbukumbu za mashimo ya kupima udongo. Humo kuna kina cha mwamba. Mchimbaji wa mashimo hayo huandika "kifusi" mita 2.4, kisha husonga mbele, kwa sababu kazi yake ni kujua jengo litakaa juu ya nini. Kifusi hicho ndicho wewe unachokitafuta. Kama mashimo hayajachimbwa bado, omba uwepo siku hiyo na uweke udongo wa kila sentimita 25 kwenye mfuko wenye namba.

Hatua ya 3: Chora ramani ya uharibifu

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoamua matokeo. Chukua mchoro wa kiwanja na upake rangi tatu. Nyekundu ni mahali ambapo udongo umeshatolewa mpaka mwambani: ghorofa ya chini ya ardhi, matangi, makaro, mashimo ya lifti. Njano ni pale palipokatwa kwa mistari, kama chini ya misingi ya kuta. Kijani ni pale pasipoguswa: ua, maegesho, vichochoro, chini ya sakafu za bohari zisizo na msingi mzito.

Usipake njano jengo zima kwa uvivu. Kati ya msingi na msingi hubaki vipande vya udongo vilivyosimama, na chumba cha mita 3 kwa 5 kinatosha kuhifadhi sakafu ya chokaa, jiko na shimo la taka. Kina cha msingi wa nyumba ya zamani usikikisie. Fungua kishimo cha sentimita 50 kando ya ukuta, kwa idhini, ukaone.

Angalia sana mteremko. Ardhi inayoshuka kuelekea Bandari ya Kale ilisawazishwa kwa kukata upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini. Upande wa juu basi huwa umefutika, na wa chini umefunikwa na kulindwa vizuri kuliko mahali popote. Mtu akichimba kishimo kimoja upande wa juu akakuta mwamba kwenye sentimita 30, huandika kwamba kiwanja ni kitupu. Nusu ya pili ya kiwanja hicho hicho inaweza kuwa na mita 2 za tabaka.

Hatua ya 4: Tembea kiwanjani

Nenda asubuhi, siku moja baada ya mvua ikiwezekana, na upite kwa mistari ya mita 1. Tazama vigae (vipande vya vyombo vilivyovunjika), mabonge ya chokaa, mawe ya matumbawe yaliyochongwa. Matumbawe laini ya baharini huchongwa yakiwa bado mabichi na hutumika kwenye fremu za milango, mihirabu na vidaka. Jiwe la namna hiyo ndani ya ukuta wa kawaida limetoka kwenye jengo la zamani lililokuwa karibu. Chungulia mitaro ya maji na misingi ya jirani anayejenga: mkato wa mita 1, yaani ukuta wa udongo unaoonyesha tabaka, uliokwisha kufunguliwa na mtu mwingine ni dirisha la bure. Angalia pia udongo unaotolewa na kaa wa nchi kavu kwenye mashimo yao.

Kuwa mwangalifu na kifusi kilicholetwa kwa lori. Kinaweza kujaa vigae vya kale kutoka kiwanja kingine. Dalili yake ni mchanganyiko: kaure ya zamani, saruji, plastiki na vigae vya sakafu vya kisasa katika tabaka moja isiyo na mpangilio.

Hatua ya 5: Waulize wenye mtaa

Nenda na mzee wa mtaa au imamu wa msikiti ulio karibu. Toa salamu, kaa kitako, eleza shughuli yako kabla ya kufungua daftari. Swali la "Mzee, hapa palikuwa na historia gani?" halizai kitu. Uliza mambo yanayoshikika: "Bi, maji mlikuwa mkiteka wapi kabla ya mfereji kufika?" "Kisima kilizibwa mwaka gani?" "Kuna pahala uani ambapo watoto walikatazwa kucheza?" "Palikuwa na kaburi la sharifu, au pahala pa kufukizia ubani?" Majibu haya huonyesha kisima kilichofukiwa na makaburi ya uani ambayo hayapo kwenye ramani yoyote. Thibitisha pia kama kiwanja kina historia ya wakfu, kwa Kamisheni ya Wakfu na kwa hati.

Hatua ya 6: Vyombo visivyochimba

Rada ya kupenya ardhini hufanya kazi kwenye mchanga mkavu na juu ya lami. Antena ya megahezi 400, kwa mistari iliyoachana sentimita 50, huona kuta, visima na mashimo kwa kina cha kama mita 2 udongo ukiwa mzuri. Karibu na bahari, maji ya chumvi huimeza mawimbi yake na picha hufifia. Nondo na mabomba huizidisha kelele. Kipima sumaku hakifai katikati ya mji uliojaa mabati. Rada isipoonyesha kitu, andika kwamba rada haikuonyesha kitu, wala usiandike kwamba hakuna kitu.

Hatua ya 7: Mashimo ya majaribio

Hapa ndipo sheria inaposhika. Nchini Kenya hairuhusiwi kuchimba kwa ajili ya akiolojia bila leseni chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, hata kama kiwanja ni chako na kishimo ni cha mita moja. Omba mapema, na uifungamanishe kazi hii na tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ili isionekane kama gharama ya ziada iliyozuka mwishoni. Ndani ya Mji wa Kale, ambao ni eneo la uhifadhi, kuna idhini nyingine pia ya kutafutwa. Viwanja vilivyo karibu na Ngome ya Yesu, ambayo imo katika Urithi wa Dunia tangu 2011, huangaliwa kwa jicho kali zaidi.

Kiasi cha kuchimba: asilimia 2 ya eneo ni mwanzo wa maana. Kiwanja cha mita 30 kwa 40 ni mita za mraba 1,200, kwa hiyo unahitaji mita za mraba 24, yaani mashimo 6 ya mita 2 kwa 2. Usiyatawanye sawasawa kama bao. Weka 4 kwenye kijani, hasa pale jengo jipya litakaposhuka sana, 1 kwenye njano, na 1 kwenye nyekundu ili kuhakikisha kwamba ramani yako ya uharibifu inasema kweli. Shimo la mita 1 kwa 1 huokoa pesa siku ya kwanza na kukuangusha siku ya tatu: likifika mita 1.2 mtu hana nafasi ya kusimama na mkato hauonekani.

Vifaa kwa timu ya watu 5: miko ya fundi, sururu 2 ndogo, chepe 2, makarai 6, ndoo za lita 10, chekecheke ya matundu ya milimita 5 na nyingine ya milimita 2, pima maji, kamba, vigingi, utepe wa mita 30, mifuko, kalamu isiyofutika, kamera na kipimo cha picha.

Chimba kwa tabaka, kufuata rangi na ugumu wa udongo. Usichimbe kwa sentimita 20 moja moja pale tabaka zinapoonekana. Kila tabaka ipewe namba, picha, mchoro na maelezo kabla ya kuondolewa. Udongo wote upite chekecheke ya milimita 5, na ndoo 1 katika kila 10 ipite ya milimita 2, kwa sababu shanga ndogo za kioo na mifupa ya samaki hupotea bila hiyo. Udongo wa mfinyanzi uchekechwe kwa maji. Mahali penye majivu au jiko, weka lita 20 hadi 40 pembeni kwa kueleshwa majini ili mbegu zilizoungua zipatikane.

Shimo likipita mita 1.2, kingo zipunguzwe kwa ngazi au ziwekewe mbao. Rundo la udongo likae angalau mita 1 kutoka ukingoni. Ukikuta duara la udongo laini lenye kuta za mawe, huenda ni kisima au choo cha shimo. Kirekodi juu na usishuke ndani: kuta zake huporomoka na hewa ya chini yaweza kuua.

Kosa la kawaida kisiwani ni kuuamini mwamba upesi. Uso wa mwamba wa matumbawe una vishimo vilivyochimbwa na maji ya mvua kwa maelfu ya miaka, vikajaa udongo mwekundu. Anayeanza huviona kama mashimo ya nguzo. Shimo la nguzo la kweli lina kingo zilizokatwa, kina kinachokaribiana na wenzake, na hupangika kwa mstari. Nyumba za miti na udongo, ambazo ndizo watu wengi walikaa, hazikuacha kitu zaidi ya hayo pamoja na sakafu nyembamba iliyoshindiliwa, kwa hiyo tofauti hii inastahili subira.

Hatua ya 8: Kusoma kilichotoka

Tabaka haiwi ya kale kuliko kitu cha mwisho kilichoingia humo. Kigae kimoja cha sahani ya Ulaya ya karne ya 19 kikiwa kimekaa chini ya vigae mia vya karne ya 14, tabaka hiyo ni ya karne ya 19, ila uwe na uhakika kwamba hakikushushwa na mzizi au kaa.

Kwa makadirio ya kwanza kiwanjani: vyungu vyenye michoro ya pembetatu iliyokwaruzwa shingoni ni vya karne ya 7 hadi ya 10. Vyombo vya rangi ya feruzi vya Ghuba ya Uajemi ni vya karne ya 8 hadi ya 10. Bakuli zenye michoro iliyokwaruzwa chini ya rangi inayong'aa ni za karne ya 11 hadi ya 13. Vyombo vya manjano vyenye mistari myeusi kutoka Yemen hujaa karne ya 14. Seladoni, yaani vyombo vya Kichina vya kijani kizito, hupatikana zaidi karne ya 13 hadi ya 15. Kaure ya buluu na nyeupe huongezeka tangu karne ya 15. Vyungu vya wenyeji vitakuwa wingi mkubwa wa ulichopata. Usivitupe kwa sababu havina rangi, maana ndivyo vinavyoeleza jikoni mlipikwa nini.

Ukikuta majivu mazito na udongo ulioungua, usikimbilie kuandika 1505. Paa za makuti ziliungua mara nyingi bila Mreno yeyote. Kwa kipimo cha kaboni cha kujua umri, peleka mbegu au kijiti chembamba. Boriti ya mkoko inaweza kuwa ilikatwa miaka mingi kabla ya moto, na kombe la baharini hutoa umri uliozidi usiporekebishwa.

Hatua ya 9: Makaburi

Kutoka Mombasa, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Kaburi la Kiislamu hapa basi hulala mashariki kwa magharibi: maiti kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini. Kaburi la Kikristo la desturi ya zamani nalo hulala mashariki kwa magharibi, lakini maiti iko chali na kichwa kiko magharibi. Umbo la shimo pekee haliwezi kukuambia ni lipi, na hilo ni muhimu mahali ambapo Wareno na Waswahili waliishi jirani.

Mfupa wa mtu ukionekana, simama. Funika kwa kitambaa safi na udongo laini, zuia picha za simu, na uwaarifu polisi, Makumbusho ya Taifa na viongozi wa dini siku hiyo hiyo. Kama mifupa itahamishwa au itaachwa, huo ni uamuzi wa mamlaka na jamii kwa pamoja. Kwenye kiwanja chenye makaburi mengi jengo lichorwe upya ili pasichimbwe hapo kabisa. Hakuna idadi ya vyumba vya kupangisha inayolingana na kufukua watu waliozikwa kwa heshima.

Hatua ya 10: Ripoti inayomfaa mjenzi

Ripoti iwe na ramani ya rangi tatu iliyosahihishwa, kina cha uso wa juu wa tabaka za kale katika kila shimo kwa kipimo cha usawa wa bahari, na jedwali linalolinganisha kina hicho na kila sehemu ya jengo. Kisha toa mapendekezo yanayojengeka. Shimo la lifti, tangi na karo vihamishiwe kwenye nyekundu, mahali ambapo karo la zamani limeshaharibu. Mabomba yafuate mitaro ya zamani. Sakafu ya chini iinuliwe kwa sentimita 50 za mchanga ulioshindiliwa badala ya kukwangua. Nguzo chache zenye nafasi pana huharibu kidogo kuliko nyingi zenye vichwa vinavyogusana, ila mhandisi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu uzito. Mahali ambapo jengo haliwezi kukwepa, pendekeza uchimbaji kamili na useme utachukua siku ngapi na watu wangapi.

Mashimo ya majaribio yafukiwe baada ya kutandika kitambaa cha ujenzi chini kabisa, kisha udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 20 zilizoshindiliwa. Kitambaa hicho kitamwonyesha atakayechimba baadaye pale ulipoishia, na kushindilia kutazuia sakafu mpya isibonyee.

Hatua ya 11: Wakati wa kujenga

Mwanaakiolojia awepo siku zote za kufukua kwenye kijani na njano. Ndoo ya mtambo iwe bapa, isiyo na meno, na iondoe sentimita 10 kwa mpito mmoja. Ndoo yenye meno huvuruga uso kiasi kwamba rangi za udongo hazisomeki. Mkataba wa mkandarasi utaje waziwazi saa za kusimama kazi zinazolipiwa, la sivyo mwendeshaji atafukia haraka asichotaka kukiona. Chochote cha kale kinachogunduliwa kiripotiwe Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7 pamoja na mahali hasa kilipopatikana. Kwa sheria ya Kenya, kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, kwa hiyo hata chupa na sarafu za enzi ya Wamazrui zimo. Mpe kila kibarua maelezo ya robo saa asubuhi ya kwanza, ukiwa na vigae vya kweli mkononi avishike, maana sururu yake ndiyo itakayofika kwanza.